Leontyne Price na namna ya kumsifu mwimbaji
Hotuba kwa wanakwaya na wapenzi wa taarabu, Tanga

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Wazee wangu, walimu wa kwaya, akina mama wa taarabu mliotoka Ngamiani, Chumbageni na Makorora, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari yenu, ahsanteni kwa kuitika. Niliombwa nizungumze juu ya uimbaji wa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa badala ya kusemwa, na nimemchagua mwimbaji mmoja, Leontyne Price, Mmarekani mweusi aliyeimba soprano, ile tuiitayo kwenye kwaya sauti ya kwanza. Nimemchagua kwa uimbaji wake, ambao sijapata kuchoka nao. Nimemchagua pia kwa sababu waliomsikia walikaa chini wakaandika walichokisikia, na hilo la pili ndilo hasa lililonileta mbele yenu.

Hapa kwetu mwimbaji akitukonga nyoyo tunajua la kufanya. Tunainuka, tunamfuata mbele, tunamtuza, vigelegele vinarindima. Heshima hiyo siibezi hata kidogo, maana mwimbaji anaishi kwayo. Lakini kesho yake asubuhi, mtu aliyekuwa harusini ukimuuliza Bi Fulani aliimbaje, atakujibu, "Wee, aliimba!" Ukimbana zaidi atasema, "Laiti ungekuwepo." Habari imekwisha. Marehemu Bi Shakila Saidi aliimba hapa hapa Tanga na vikundi vya taarabu vya Lucky Star na Black Star, sauti yake ikasikika pwani yote. Nyimbo zake tunazo. Ukurasa unaoeleza alivyogawa pumzi ndani ya ubeti, alivyomalizia silabi ya mwisho, alivyoingia baada ya fidla kunyamaza, nimeutafuta na sijauona. Tulimpenda mno, na hatukuandika.

Mama anayenunua kanga haridhiki kwa kuambiwa ni nzuri. Anaikunjua aone pindo na mji vimekaaje, anasoma jina, kisha anaishika kwa vidole viwili ajue pamba yake. Sikio letu linaweza kufanya hivyo hivyo kwa sauti ya mtu, na hao walioandika juu ya Leontyne Price walifanya hivyo.

Maisha yake nitayapitia haraka. Alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi wa rangi uliolindwa na sheria. Baba alifanya kazi kiwanda cha mbao. Mama alikuwa mkunga, na kanisani alikuwa mwanakwaya. Binti alipokuwa na miaka 9 mama yake alimpeleka mji wa Jackson kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji mkubwa mweusi wa wakati ule. Baadaye akaenda New York, akasoma chuo cha muziki cha Juilliard, akafundishwa na mwalimu Florence Page Kimball. Mwaka 1955 aliimba opera ya Tosca kwenye televisheni ya NBC, na baadhi ya vituo, vingi vya kusini, vikakataa kukirusha kipindi hicho.

Hapo kwa mwalimu naomba tukae kidogo. Watu wengi wenye nia njema wakimsikia mwimbaji mweusi husema amezaliwa nayo, ni kipaji, ni karama ya Mwenyezi Mungu. Sauti ni karama, sikatai. Lakini noti ndefu inayosimama bila kuyumba, ikaanza ndogo, ikakua, ikapungua tena bila kukatika, hiyo imetengenezwa. Ni miaka ya kushika mbavu na kuhesabu pumzi, ni mwalimu anayesema "tena" mpaka mwanafunzi analia. Ukimsifu mwimbaji kwa karama peke yake unamnyang'anya jasho lake. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu walimu wa kwaya tunalifanya kila Jumapili: mtoto ameimba vizuri, tunasema Mungu amembariki, na siku aliyoisimamia nyuma ya kanisa akirudia mstari mmoja hatuitaji.

Sasa twende jukwaani. Tarehe 27 Januari 1961 Leontyne Price aliimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera la New York. Awali uongozi wa jumba lile ulikuwa umemwita aje aimbe Aida, binti wa Kiethiopia aliyetekwa utumwani, naye hakukubali. Kondakta, yaani kiongozi wa okestra, Peter Herman Adler alimshauri kwamba siku ya kuingia pale aingie akiwa bibi, asiingie akiwa mtumwa. Basi akaingia akiwa Leonora, mwanamke wa jumba la kifalme katika Il trovatore, opera ya mtunzi Verdi. Makofi ya mwisho usiku ule yalipita nusu saa. Hebu fikirini watu wamesimama nusu saa nzima, wamekwisha kusikia kila kitu, na hawataki kwenda nyumbani.

Makofi hayo yanatupa habari moja tu, kwamba walifurahi. Habari nyingine alitupa Harold Schonberg, mhakiki wa New York Times. Aliandika kwamba sauti yake ni nyororo, imekolea, na inaujaza ukumbi bila kujikamua, tena nyuma ya sauti hiyo kuna mbinu ya kuibeba. Kisha akaandika jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: kwamba hata trili aliziimba kama zilivyoandikwa. Kuhusu uigizaji alisema anajimudu, akaongeza kuwa hakuna soprano aliyejenga jina kwa kuigiza, sauti ndiyo inayohesabika, na huyu anayo.

Nifafanue hiyo trili kwa wasioisoma noti. Mwimbaji anachukua noti mbili zilizo jirani, anazipishanisha kwa kasi, na zote mbili zinatakiwa zisikike safi, kila moja mahali pake. Wenye sauti kubwa wengi wanazikwepa, au wanaitikisa sauti ovyo mpaka mahali pale papite. Verdi alimwekea Leonora trili kadhaa, na Schonberg, aliyejua ziko wapi, alikuwa akizisubiri. Huyu binti wa Laurel, usiku wa kwanza, macho yote juu yake, hakuruka hata moja. Sentensi ya mhakiki ni fupi lakini imebeba ushahidi. Mimi niliyeko Tanga, zaidi ya miaka 60 baadaye, najua kwa sentensi hiyo kwamba mwanamke huyu alifika pale akiwa amejiandaa, wala hakutegemea utamu wa sauti umfunikie.

Na haya yote bila kipaza sauti. Akina mama wa taarabu, hili naomba mlipime. Jumba la sasa la Metropolitan, lililofunguliwa mwaka 1966, lina viti takribani 3,800, na mbele ya mwimbaji kuna okestra nzima. Anachokuwa nacho ni mapafu, koo, na uwazi wa kinywa chake. Soprano akipanda juu sana analazimika kuteremsha taya na kukifungua kinywa zaidi na zaidi, ili mwangwi wa kinywani uendane na noti anayoiimba. Hapo ndipo sauti inapopata nguvu ya kuvuka okestra. Hasara yake ni kwamba irabu zinaanza kufanana: *i* na *u* zikifika huko juu sikio linasikia kitu kinachoelekea *a*. Kwa hiyo mtu asimlaumu soprano kwamba maneno yamepotea kwenye noti ya juu kabisa. Maneno yahukumiwe katikati na chini, ambako kinywa kina nafasi ya kutamka. Nimeona wanafunzi wa sauti ya kwanza wakikaripiwa kwa jambo ambalo maumbile hayaruhusu, na wakisamehewa uzembe wa matamshi mahali ambapo hawana udhuru.

Opera aliyoizoea zaidi ni hiyo hiyo Aida aliyoikataa mwanzo, nayo pia ni ya Verdi. Ninaitaja kwa furaha kwa sababu ni opera iliyozaliwa Afrika: ilionyeshwa kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871, na kisa chake ni cha Misri na Ethiopia. Leontyne Price aliiimba Vienna akiongozwa na Herbert von Karajan, aliiimba mwaka 1960 La Scala, jumba la opera la Milano, na ndiyo aliyoagia nayo jukwaa la opera tarehe 3 Januari 1985, New York, ikirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Alikuwa na miaka 57.

Tendo la tatu ni usiku, kando ya Mto Nile. Aida yuko peke yake. Obo inaanza, na wazee wa ngoma hapa hawataiona ngeni, maana obo na zumari ni ndugu, zote zinapulizwa kwa matete mawili yanayogusana. Aida anaimba kwamba nchi yake hataiona tena. Maneno ni machache na yanarudi, hataiona tena, hataiona tena. Kuelekea mwisho sauti inapanda pole pole mpaka ile C ya juu, noti inayotetema zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na Verdi ameandika hapo iimbwe kwa upole. Huo ndio mtihani wake. Kufika juu kwa kupiga kelele ni jambo ambalo waimbaji wengi wanaweza. Kufika juu kwa upole, okestra ikiwa imekuacha karibu utupu, pumzi moja ikiwa imebeba mstari mzima, hapo watu wanahesabika. Ukimwona kwenye picha ya televisheni ya usiku ule wa kuaga, bega halipandi. Shingo imetulia. Anakwenda juu, anakaa, anashuka, na sauti haina mkwaruzo njiani. Watu wakalipuka kwa makofi yasiyotaka kukoma, naye akabaki amesimama akijitahidi kuendelea kuwa Aida, huku uso ukionyesha kwamba yanamfikia.

Donal Henahan, naye wa New York Times, aliandika kuhusu usiku huo. Hakuficha kitu. Alisema ilimchukua tendo moja au mawili kuipasha sauti, lakini alichokitoa kwenye onyesho la Mto Nile kilistahili kusubiriwa. Ndugu zangu, hiyo naiona ni heshima kuliko sifa ya jumla. Usiku wa kumuaga mtu mkubwa, ukumbi mzima unalia, na mhakiki bado anasema mwanzo sauti ilikuwa haijakaa. Akisema sasa kwamba Nile ilikuwa bora, nina sababu ya kumwamini.

Wengine pia waliandika kwamba sauti yake ya chini ilikuwa na moshi, na kwamba ilizidi kuwa hivyo miaka ilipokwenda. Kwamba wakati mwingine alizifikia noti kwa kuteleza kutoka chini badala ya kuzikanyaga. Ukisikiliza utasikia ni kweli. Mimi moshi ule naupenda, unaipa sauti ya juu kitu cha kutokea. Mwenzangu mmoja wa kwaya haupendi kabisa, anasema unamchosha. Tumebishana sana, na kila tukibishana inabidi tuusikilize tena wimbo, kila mmoja ataje mahali hasa anaposema.

Mfano mwingine ni wa Septemba 1966, Metropolitan ilipofungua jumba lake jipya kwa opera mpya ya mtunzi Samuel Barber, Antony and Cleopatra, Leontyne Price akiwa Cleopatra. Mitambo ya jukwaa ilisumbua, mapambo yalizidi, na opera yenyewe ikasemwa vibaya. Wahakiki waliiponda kazi lakini wakaitenga sauti yake, wakaisifu peke yake. Sisi tukitoka kwenye onyesho baya tunasema onyesho lilikuwa baya, na aliyeimba vizuri anaondoka na aibu isiyo yake.

Nimekaa mno kwenye opera, na upande unaotuhusu zaidi watu wa pwani ni ule wa pili, wa mwimbaji mmoja na mpiga piano. Pale hakuna vazi la malkia, hakuna mto wa Nile wa kuchora, hakuna kwaya nyuma yako. Kuna gauni, piano, na mashairi. Leontyne Price aliimba hivyo miaka mingi, kwa muda mrefu akiwa na mpiga piano David Garvey, na aliendelea hata baada ya kuacha opera. Tarehe 30 Oktoba 1953, jina lake likiwa bado changa, aliimba kwa mara ya kwanza nyimbo 10 za Barber, Hermit Songs, kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, Barber mwenyewe akiwa kwenye piano. Mashairi yake ni ya watawa wa Ireland wa karne za kati, mengine yaliandikwa pembezoni mwa vitabu walivyokuwa wakivinakili. Kuna wimbo wa mtawa na paka wake mweupe, na kuna wimbo wa mtu anayetaka kuishi peke yake. Sauti iliyozoea kujaza jumba la maelfu inabidi hapo ikae ndani ya mistari minne.

Sikilizeni anavyofanya. Haipunguzi sauti tu, anabadilisha mahali inapotokea. Neno linaletwa mbele ya meno, konsonanti zinasikika, na pumzi inakatwa mahali ambapo msemaji angeikata. Mtu aliyelelewa na taarabu analielewa hili bila kufundishwa, kwa sababu sisi tunasikiliza maneno kwanza. Mtunzi amelipima shairi, kina kiko mahali pake, mizani imetimia, na mwimbaji akikata neno vibaya ukumbini tunaguna. Katika sanaa ya wimbo mmoja na piano, msikilizaji wa Tanga yuko nyumbani kuliko anavyodhani.

Mwisho wa maonyesho hayo alikuwa akiimba nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, zile walizotunga babu na bibi zao utumwani. Hapo naomba mnisamehe, nashindwa kusikiliza kama mwalimu. Matamshi yake yanabadilika, anaiacha lafudhi ya chuo na kurudi kwenye kanisa la Laurel, ila ile nidhamu ya pumzi haiondoki. Mstari unaoimbwa kila siku kanisani na mtu yeyote anauimba kwa uangalifu ule ule aliompa Verdi. Hauoni kuwa mdogo. Kwaya zetu zina nyimbo za namna hii, nyimbo za Kisambaa, za Kibondei na za Kidigo, tunazozirukia mwishoni kuchangamsha watu baada ya kumaliza ile iliyoandikwa Ulaya. Ningependa nisikie moja ya hizo ikiimbwa kwa maandalizi ya miezi mitatu.

Kwa vijana wanaouliza kama njia hiyo bado iko wazi kwa Mwafrika: Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini, alishinda mashindano ya waimbaji wa opera yaitwayo Operalia mwaka 2011, akaimba Metropolitan kwa mara ya kwanza Januari 2013, na tarehe 6 Mei 2023 aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles huko London. Msikilizeni naye. Sauti yake ni nyepesi zaidi, na ina wepesi wa kukimbia juu ya noti ndogo ndogo. Msiwalinganishe kwa ukubwa.

Hatuanzi na mikono mitupu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii, ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Mwandishi mkubwa kuliko wote katika lugha yetu aliona mwimbaji anastahili kalamu yake. Kazi hiyo iliachwa njiani, na waliotakiwa kuiendeleza tuko humu ukumbini.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenye madaftari ni hili. Mkihudhuria harusi, tamasha la kwaya, au usiku wa taarabu, andikeni ukurasa mmoja kabla ya kulala. Jina la aliyeimba, tarehe, mahali. Alianza kwa sauti gani, alipumua wapi, neno gani lilisikika na lipi lilimezwa, noti ya juu aliifikiaje, kipaza sauti kilimsaidia au kilimharibia. Kipi kilikuwa kizuri, na kizuri hicho kilitokea katika ubeti wa ngapi. Pasipokuwa pazuri semeni pia, kwa adabu, kama mnavyosema na dada au shangazi yenu. Ukurasa huo mpelekeeni mwimbaji mwenyewe kwanza. Bi mkubwa mmoja wa hapa, aliyeimba ujana wake wote, aliniambia watu wamemtuza fedha asizoweza kuzihesabu, lakini hajawahi kusomewa hata mistari mitano juu ya sauti yake. Yupo, anaimba bado kwenye shughuli za majirani, na mmoja wenu anaweza kumwandikia wiki hii.

Sasa mwenzangu ataweka lile onyesho la Mto Nile la mwaka 1985. Tutalisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza sikilizeni tu, acheni kalamu. Mara ya pili nataka kila mtu aandike mahali anapovuta pumzi kabla ya ile C ya juu, kisha tulinganishe, tuanze na sauti ya pili kule nyuma.